Begi la Mlangoni



Sisi tunaoshona nguo za harusi tunasikia mengi wakati wa kupima. Biharusi anajua rangi ya mapazia, anajua udi utakaofukizwa, somo wake kamfunza kila kitu. Tukimuuliza swichi kubwa ya umeme iko ukuta gani katika nyumba anayohamia, anacheka. Nani aliwahi kumuonesha?

Maafa ya kwetu Unguja tunayajua. Masika maji yanaingia usiku Mwanakwerekwe au Sebleni, godoro linaelea. Mtungi wa gesi unavuja. Na nani kasahau Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi 3 kisiwa hakina umeme, pampu hazisukumi maji, tunahangaika na madumu?

Basi kaeni jioni moja kabla ya masika, wewe, bwana, na mavyaa kama mnaishi nae. Semeni kwa majina: nani anambeba mtoto, nani anamshika bibi mkono, nani anazima swichi kubwa (maji yakishafika kwenye soketi asiiguse mtu), na mkipoteana mnakutana wapi. Sisi tumechagua msikiti wa mtaani kwa sababu hata watoto wadogo wanaujua. Mpango unaomtegemea bwana peke yake haufai. Mara nyingi yeye yuko kazini, na maji yanatukuta sisi na watoto.

Kisha begi. Tunalishona kwa turubai, ndani bitana ya nailoni, mkanda mpana wa begani ili mikono yote miwili ibaki kwa watoto. Mna cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, tochi, dawa za mgonjwa wa nyumbani, pedi, nepi, fedha kidogo. Dhahabu je? Tunaulizwa sana. Weka ukipenda, ila asirudi mtu ndani kwa ajili ya bangili.

Juu ya begi, kwenye msumari, buibui na mtandio. Hili ndilo tunalolisisitiza kuliko yote. Mwanamke akiamshwa na moto usiku hutafuta kwanza cha kujistiri, na huku moshi unajaa. Kama hukuliona, toka na shuka, toka ulivyo. Dharura ina hukumu yake, na uhai wako ni amana.

Mtume (S.A.W.) alitukataza kuacha moto ukiwaka tunapolala, kwa hiyo kufunga mtungi kabla ya kulala tuuhesabu ni ibada. Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi yoyote, hata ya taa. Mafuta ya kukaangia yakishika moto, zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko, usimwagie maji.

Anayetaka kipimo cha begi apite dukani. Tutampa, hata kama atashonesha kwengine.