Baiskeli Isiyovuka Kizingiti

Hapa Kayanga kuna chumba ambamo baiskeli nne huendeshwa kila Jumanne na Alhamisi baada ya Swala ya Alasiri, na hakuna hata moja iliyowahi kuvuka kizingiti. Chumba chenyewe kilikuwa ghala la kahawa la marehemu baba wa mwenzetu mmoja, na siku za mvua harufu ya maganda bado huibuka sakafuni. Baiskeli ni hizi hizi Phoenix ambazo wanaume wa Karagwe huzipakia mikungu ya ndizi na kuzisukuma kupanda milima. Fundi alituunganishia vyuma vya kushika ekseli ya nyuma, gurudumu likabaki likielea, kisha akaikaza breki kidogo ili mguu uhisi uzito. Anayetaka mlima hukaza zaidi. Anayetaka tambarare hulegeza.

Huko Marekani mazoezi ya namna hii yalienezwa na Johnny Goldberg, mwendesha baiskeli mzaliwa wa Afrika Kusini, na leo watu hulipa fedha nyingi kukaa juu ya baiskeli isiyokwenda. Sisi tulisukumwa na kliniki. Karibu kila mmoja wetu ana kijitabu cha sukari au cha presha, na kila mmoja aliambiwa afanye mazoezi. Kuendesha baiskeli barabarani si jambo lililokatazwa, lakini mwanamke wa makamo aliyevaa baibui, akipanda mlima wa Kayanga huku wajukuu wa jirani wanamshangilia, hafiki mbali.

Tena nchi hii ina historia yake katika jambo hili. Mwingereza Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, aliwakuta wake wa jumba la kifalme wakinyweshwa maziwa mchana kutwa hadi wengine wasiweze kusimama, kwani unene ndio uliokuwa uzuri. Mgeni huyo hakuona haya: alimpima mmoja wao kwa utepe, mkono, kifua na paja, akayaandika yote kitabuni. Tunapopanda mizani ya kliniki huwa tunamkumbuka bibi yule, na tunashukuru kwamba vipimo vyetu havitachapishwa London.

Ama kuhusu sauti, majuma mawili ya mwanzo hatukuwa nayo. Ulisikika mnyororo tu, na dakika tano zilikuwa ndefu kama foleni ya maji. Ndipo binti mmoja akaleta spika ndogo, na mambo yakabadilika siku ile ile. Jambo hili si la kudhani tu. Mwaka 1911 Mmarekani Leonard Ayres aliandika juu ya mashindano ya baiskeli ya siku sita huko New York: bendi ilipopiga, waendeshaji walikwenda karibu maili 20 kwa saa, iliponyamaza, walishuka chini ya 18. Katika zama zetu Profesa Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba muziki unaofaa hupunguza uchovu tunaouhisi, hasa pale zoezi lisipokuwa kali mno.

Lakini ni muziki upi? Hapo ndipo chumba kilipogawanyika.

Tulianza na kisomo cha Qur'ani, tukidhani hapo hapatakuwa na ubishi. Haikuchukua hata robo saa tukajionea aibu. Qur'ani yenyewe yatuamrisha tuisikilize na kunyamaza inaposomwa, na sisi tulikuwa tunahema, tunacheka, na mmoja anapiga kelele alegezewe breki. Tukazima sisi wenyewe kabla ya kuambiwa na mtu. Mabinti wakaleta bongofleva. Ikazimwa kabla wimbo wa kwanza haujafika kiitikio, na waliokimbilia kuizima ndio wale wale waliokuwa wakiikanyaga pedali vizuri zaidi. Taarabu nayo ilijaribiwa. Taarabu ni muziki wa kukaa kitini, na mafumbo yake ya wake wenza na majirani yalitufanya tuanze kutazamana. Hatukuirudia.

Tukamwendea ustadhi wetu. Hakutufokea. Alitueleza kwamba wanazuoni wametofautiana: wapo walioharamisha ala zote isipokuwa dufu katika harusi na Idi, na wapo, kama Imamu Ghazali katika Ihya, walioandika kwa urefu wakichambua ni usikilizaji gani unaofaa na upi unaodhuru. Akatukumbusha wale wasichana wawili waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Bi Aisha (R.A.) siku ya Idi, ambao Abubakar (R.A.) alitaka kuwanyamazisha, na Mtume (S.A.W.) akasema waachwe. Mwisho akatushauri tubaki na sauti za watu, dufu, na maneno yasiyo na uchafu. Tulirudi tumetulia, tukajaza memori kadi kwa kaswida, tukaona kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Alhamisi moja tuliweka kaswida mpya ya vijana, dufu zake zikienda mbio. Maneno yalikuwa safi kabisa, sifa za Mtume tupu. Baiskeli ya pili ilikuwa na mama yetu mkubwa kuliko sote, ambaye umri wake umeshapita sabini. Tulimwona akienda kwa kasi tusiyowahi kumwona nayo, na, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulimpigia vigelegele. Kisha mikono yake ikauachia usukani. Wawili wetu walimdaka bega likiwa linakaribia ukuta. Alikuwa analowa jasho la baridi. Alikuwa amemeza dawa ya sukari asubuhi na mchana hakula, kwa hiyo hatusemi kwamba ni mdundo peke yake. Lakini alipokwisha kunywa chai ya sukari na kupata nguvu ya kusema, alitwambia: "Wanangu, miguu haikuwa yangu tena."

Mwanawe alikuja kumchukua, akasema mbele yetu sote kwamba mama yake hatarudi humo. Kwa majuma matatu hakurudi. Wengine wawili wakaacha pia.

Ustadhi alipopata habari alikuja hadi mlangoni, akatusimulia juu ya Anjasha. Huyu alikuwa mwimbaji wa ngamia safarini, na wake wa nyumba ya Mtume (S.A.W.) walikuwa juu ya ngamia hao. Ngamia husikia wimbo wakaongeza mwendo. Mtume akamwambia Anjasha aende polepole, akiwafananisha wanawake waliopanda na vyombo vya kioo. Akatuaga, akaenda zake.

Hadithi hiyo sote tuliijua. Tulikuwa tunaisikia kama hadithi ya upole tu. Siku ile tuliona kwamba Anjasha hakulaumiwa kwa maneno ya wimbo wake wala kwa sauti yake. Kilichoangaliwa ni mwendo, na ni nani aliyepanda. Sisi tulikuwa tumeuliza maneno ni yapi, ala ni ipi, mwimbaji ni nani, ila mwendo hatukuuliza kamwe.

Tukakaa na saa ya mkononi tukahesabu. Kaswida ile ilikuwa na mapigo 150 kwa dakika. Kila pigo mguu mmoja, basi pedali huzunguka mara 75, na breki imekazwa! Tukazipanga upya zote: za polepole mwanzo na mwisho, za wastani katikati, na zile za mbio tukazitoa. Tena tukakubaliana kwamba wimbo wa siku huchaguliwa na aliye mzito kuliko wote siku hiyo. Mabinti walinung'unika wiki moja, kisha wakagundua kwamba wakikaza breki, wimbo ule ule wa taratibu huwa mlima wa kutosha kuwatoa machozi.

Mama yetu amerudi. Siku aliyorudi hakutaka spika. Aliimba mwenyewe, kwa Kinyambo, wimbo ambao mama yake alikuwa akiuimba akisukasuka maziwa katika kibuyu, nasi tukaitikia. Tulipouhesabu ulikuwa na mapigo 90. Tuliurekodi kwa simu, na sasa ndio wa kwanza katika kadi.

Kadi hiyo husafiri pia. Wenzetu wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, wamefunga baiskeli mbili kama zetu, na dereva wa gari la abiria huwapelekea kupitia Omurushaka. Mara ya mwisho iliporudi, nyimbo mbili zilikuwa zimefutwa na moja imeongezwa. Walituma ujumbe kwamba ile ya tatu ni ya haraka mno kwa bibi mmoja waliye naye. Tulipoihesabu tena tukaona wanasema kweli.

Mwanawe ndiye anayemleta mama yetu kwa pikipiki. Humsubiri avue viatu, huuliza kama amekula, na kabla ya kuwasha pikipiki huuliza wimbo wa kwanza leo ni upi.