AC inayohama ukipanda mlima

Wiki hii sina programu ya kuwaonyesha, nilikuwa nimelala chini ya dashibodi ya gari la mjomba kule Migori. Lakini hitilafu ni hitilafu tu, na hii ilikuwa tamu kuliko nyingi nilizosaka kwenye kompyuta.

Gari ni Jeep Cherokee ya miaka ya 1990, ya petroli, lile la umbo la sanduku. Mjomba huenda nalo Homa Bay kupitia Rongo. Akishuka kuelekea ziwani, hewa baridi inampiga kifuani vizuri. Akirudi, barabara ikianza kupanda, hewa inahamia kwenye kioo cha mbele. Akifika tambarare, inarudi kifuani. Gereji moja ilimwambia kompresa imekufa, na bei waliyotaja ilikaribia karo ya muhula ya binamu yangu. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

"Mpwa wangu, wewe si mtu wa mitambo? Niambie kama nilipe."

Nikamuuliza: mjomba, hewa hiyo ya kwenye kioo ni baridi au vuguvugu?

"Baridi kabisa."

Basi kompresa haina kesi. Kazi yake ni ubaridi, haijui hewa inatokea tundu gani.

Kinachochagua tundu ni vilango vidogo ndani ya dashibodi. Kwenye Toyota nyingi tulizozoea, vilango huvutwa na waya wa chuma au mota ndogo ya umeme, ndiyo maana mafundi wengi hawajakutana na mfumo huu. Kwenye Cherokee hii huvutwa na ombwe, au vakyumu kama wasemavyo mafundi. Injini ya petroli inaponyonya hewa huku mlango wake wa hewa umefungwa nusu, shinikizo ndani ya manifoldi hushuka. Kimpira chembamba huchukua mnyonyo huo hadi kwenye kiwambo, kiwambo huvuta kilango. (Dizeli kwa kawaida haina mlango huo, kwa hiyo hufungiwa pampu yake ya vakyumu.)

Sasa kanyaga mafuta mlimani. Mlango wa hewa unafunguka wazi, mnyonyo unakwisha, springi inarudisha kilango kwenye hali yake ya msingi, yaani kioo. Waliobuni walifanya makusudi: mfumo ukifa, angalau kioo kisikuzibe kwa ukungu siku ya mvua. Mimi nimeona programu za benki zisizofikiria hivyo.

Ili hewa isihame kila mlima, kuna tangi dogo la kuhifadhi mnyonyo na vali ya njia moja inayouzuia usirudi kwenye injini. Kwa hiyo dalili ya mjomba ilikuwa inataja mahali pake yenyewe: ama tangi, ama vali, ama mpira kati yao.

Jaribio ni la bure. Weka hewa kifuani, zima injini, rudisha swichi bila kuwasha, feni iendelee. Mfumo mzima hushikilia kwa muda. Letu lilihamia kwenye kioo papo hapo. Vali niliichomoa nikaipuliza kwa mdomo: upande mmoja ikapitisha, wa pili ikakataa karibu kabisa. Tangi, lililojificha nyuma ya bampa ya mbele, lilikuwa zima. Mpira unaolifikia ulikuwa umepasuka kama muwa uliokauka.

Ukipima kwa geji, angalizo moja. Vitabu vingi husema injini nzima ikiwa sailensa huonyesha inchi 18 hadi 22 za zebaki. Hizo ni za usawa wa bahari. Kila mita 300 za kupanda hupunguza kama inchi moja, na Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134. Kwa hiyo ukisoma 16 Homa Bay, usiihukumu injini. Mombasa ningekuwa na wasiwasi.

Dawa ilikuwa kipande cha mpira wa petroli wa pikipiki, kutoka duka la spea za bodaboda. Ni mnene, haubonyei ukinyonywa.

Jumamosi tukashuka hadi Homa Bay, tukarudi. Hadi Rongo hewa ilibaki kifuani. Mjomba hakusema neno, alinyoosha tu mkono kwenye tundu kila tukipanda.

Karo ililipwa. Ile vali bado inavuja kidogo, na sijapata nyingine. Kama unamjua anayeuza spea za Jeep kuukuu pande za Kisumu, niandikie.