Filamu ya Kufupanda



Siku ya posho iliyopita nilipanda Kadutu pamoja na watoto wangu wawili. Mnaijua Bukavu yetu: chini rasi tano zinaingia ndani ya Ziwa Kivu, lakini soko liko juu mlimani, na mvua ikinyesha njia ni matope matupu. Tulinunua sombe na sambaza, kisha tukaenda kwa kijana mmoja anayetandaza diski za filamu karibu na wauza viatu. Nilikuwa nimewaahidi filamu moja.

Mkubwa, wa miaka minane, akasoma kwa sauti: “Le Ro-i Li-on!” Alisoma kila herufi jinsi tunavyoisoma katika Kiswahili. Nikamsahihisha, nikamwambia kwamba ndani ya filamu hiyo ya mwaka 1994 kuna majina ya lugha yetu: Simba, Rafiki, hata Pumbaa. Akafurahi.

Mdogo, wa miaka mitano, akanivuta kitenge: “Mama, mimi nataka Kufupanda.”

Muuzaji akacheka. Yaya yake akauliza, “Kupanda wapi, mlimani?” Na mimi, mwalimu mzima, nikacheka pia. Mtoto akainamisha kichwa, hakusema tena neno. Kwa kuwa mvua ilikuwa inakaribia, nikachagua mwenyewe diski yenye picha ya wanyama wanaocheka na jina zuri la Kifaransa.

Umeme ulirudi saa mbili usiku. Tukaweka diski. Hakukuwa na wanyama: ni watu wanaopigana risasi. Mdogo aliziba masikio akajificha nyuma ya kiti changu. Wamama wa Bukavu, sina haja ya kuwaeleza kwa nini. Nilizima mara moja.

Nilipomtuliza, nilimwomba anieleze filamu aliyoitaka. Alikuwa ameiona kwa jirani. Akanieleza yote: kuna panda mnene, baba yake ni bata bukini anayeuza supu, wote wanamcheka, lakini mwishoni ndiye anayeokoa kijiji. Ndiyo Kung Fu Panda, ya mwaka 2008. Mimi niliyejua kusoma majina nilileta risasi nyumbani. Yeye aliyeshindwa kutamka alijua vizuri alichotaka.

Darasani naona jambo hilohilo. Mtoto akichekwa mara moja kwa neno la Kifaransa, anaweza kumaliza mwezi bila kuinua mkono. Kwa hiyo, mtoto akikosea jina, tusimcheke, tumwambie, “Nieleze hadithi yake.” Na kabla ya kulipa, tumwombe muuzaji aonyeshe filamu kidogo, maana picha ya juu si filamu ya ndani.

Jana tulipanda Kadutu tena. Mdogo akasimama mbele ya diski, akaniangalia kwanza, kisha akasema kwa nguvu: “Kufupanda!” Hakuna aliyecheka. Kijana akaitafuta, akaiweka kwenye televizyo yake ndogo, na yule panda mnene akatokea.