Tanuru la Umeme mu Parsele Yetu

Mukifika Lubumbashi, munaona kwanza ile shemine ndefu. Pale kiwanda kilianza kuyeyusha mukuba mu mwaka 1911. Lakini mbele ya kiwanda, wazee wetu walikuwa wanajua kazi hiyo. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makala na mawe ya kijani, wakavukuta mpaka mukuba ukatoka. Waliumwaga mu umbo la musalaba.

Ku Likasi, kilometa karibu 120 toka pale, miye nilijenga tanuru dogo la umeme la kuchomea vyungu. Kijana, sikia namna gani, na sikia pia kosa langu.

Nilianza na matofali mekundu ya nyumba na resistansi ya resho. Saa nyingi zilipita, chungu hakikuiva. Udongo wetu unataka joto la digri karibu 900, na tofali zito linakunywa moto na kuutoa inje. Fundi mmoja mzee akaniambia: «Mwanangu, kuleta moto si kazi, kazi ni kuufunga.»

Basi nikatafuta matofali meupe, mepesi, yenye matundu ya hewa. Nikachonga mifereji kwa msumeno, nikalaza mule waya ya Kanthal iliyozungushwa kama resori, mizunguko isigusane. Hesabu ni hii: kwa umeme wa volti 220, waya ya omu 22 inakula ampere 10, ni kusema wati 2 200. Kama waya za ukuta ni nyembamba, nyumba itaungua.

Siku ya kuchoma, nilifungua mlango nichungulie, fimbo ya chuma mkononi, umeme ungali unapita. Chuma kikagusa resistansi. Nikatupwa chini. Bibi yangu hakunishika. Alikimbia kwanza kuzima umeme wa nyumba, halafu akaniinua. Kama angenishika mbele, pengine watoto wangekuta wazazi wawili chini.

Leo mlango wa tanuru una kizimio: ukifunguka, umeme unakatika. Sanduku la chuma limefungwa na waya inayoshuka mu udongo. Fundi wa umeme alipima yote. Tena, nachomoa prizi mbele ya kufungua.

Moto wa wazee ulionekana, kila mtu aliuogopa. Huu wetu unafichama mu waya. Basi, baba, mama, kijana: mufundishe wote wa nyumbani mahali pa kuzimia umeme. Mufanye hivyo leo, mbele ya kulala.