Sauti Katika Kona za Soni

Anayetoka Tanga kwenda Lushoto hupita kwanza katika nchi ya joto: michungwa ya Muheza, kisha Segera, kisha mashamba ya mkonge ya Korogwe yaliyopandwa safu kwa safu hadi macho yachoke. Reli iliyoanza kujengwa mjini Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na hapo Mombo ndipo msafiri wa Lushoto anapoagana na tambarare. Barabara inageukia milima ya Usambara na kuwa nyembamba, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, na kona moja haijaisha ila nyingine imeshaanza.

Tulipita njia hiyo Jumamosi moja baada ya masika: mimi, mke wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe, aliyekuwa anakwenda kukaa siku kumi kwa dada yake. Gari letu ni Toyota Corolla DX lililonizidi umri. Kabla ya kuondoka tuliinua mikono tukasoma dua ya safari, binti yangu akiongoza, nasi tukiitikia. Lakini mimi nilikuwa na siri moyoni. Kwa wiki tatu nilikuwa nikisikia mvumo kutoka magurudumu ya mbele, unaopanda kila mwendo unapopanda. Nilijiambia kwamba ni tairi, na kwamba nitaangalia nikipata nafasi.

Katika kona za kupanda kwenda Soni, mvumo ule ulijieleza wenyewe. Tulipokata kona ya kushoto ulififia; tulipokata ya kulia ulinguruma. Gari likikata kulia, uzito wake hulalia magurudumu ya kushoto, kwa hiyo mgonjwa alikuwa upande wa kushoto. Nilisimama Soni, karibu na wauza matunda, nikasogeza kiganja kwenye habu. Ya kulia ilikuwa na uvuguvugu tu. Ya kushoto sikuweza kuigusa. Nasi tulikuwa tunapanda, breki hazikuwa zimetumika sana. Joto lile lilikuwa la beringi.

"Baba Zaynab," mama mkwe akasema kutoka kiti cha nyuma, "gari lako linalalamika tangu Mombo. Wewe hulisikii?"

"Nalisikia, mama."

"Tangu lini?"

Nikamwambia ukweli: wiki tatu. Hakunijibu. Aliwatazama wajukuu wake, kisha akatazama bondeni. Ningalipewa karipio, lisingaliniingia kama ulivyoniingia ukimya ule.

Tulijikongoja hadi Lushoto. Fundi mmoja aliinua gari kwa jeki, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza waziwazi. Akafungua, akaongeza grisi, akaikaza nati kidogo. "Hii itakufikisha Tanga ukienda taratibu," alisema, "lakini usipakie watu." Alinieleza jambo ambalo kila mwenye gari la zamani anapaswa kulijua: beringi iliyokwisha huchemka hadi grisi ikayeyuka, kisha roli zake hukatika, na gurudumu laweza kugoma ghafla au kuchomoka. Jumapili mke wangu na watoto walipanda basi. Mimi niliteremka peke yangu, polepole, na kila kona ya kulia ilinisomea hesabu yangu.

Siku mbili baadaye, baada ya Swala ya Alasiri, mzee mmoja wa kamati yetu ya msikiti, fundi mstaafu, alikuja nyumbani kwetu Ngamiani. "Katibu," alisema, "leo kalamu weka ndani, shika spana."

Tuliweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, tukalegeza nati za tairi gari likiwa bado chini, ndipo tukaliinua. Mzee hakukubali tufanye kazi kwa jeki peke yake. Alidai stendi ya chuma. Tulitoa gurudumu, tukafungua kalipa ya breki na kuifunga kwa waya ili isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta. Kisha tukatoa kofia ya grisi, pini ya kukunja na nati, tukaivuta habu polepole. Beringi ya nje ilitoka mkononi mwangu. Ya ndani ilibaki nyuma ya sili.

Sili ilikuwa imechanika. Hapo nikakumbuka madimbwi ya masika niliyoyapita bila kujali. Grisi ilikuwa imegeuka uji wa rangi ya kutu wenye chembe za mchanga. Tulipoosha kwa mafuta ya taa, kikombe cha chuma ambamo roli huzunguka kilionekana kina vishimo na doa la buluu la kuungua.

Kikombe hicho hukaa kwa kubana ndani ya habu, na kukitoa ni kazi. Jua lilikuwa linashuka, nikapendekeza tukiache, tubadilishe roli tu. Mzee akaniangalia. "Hao ni mapacha, Katibu. Ukimweka mpya juu ya mbovu, mbovu humla mpya. Utamwambia nini mama mkwe wako?" Nikanyamaza. Tulikigonga kwa patasi butu, huku na huku ili kisipinde, hadi kikatoka. Kipya tulikiingiza tukitumia kile cha zamani kama kigongeo, na mzee akanifundisha kusikiliza: nyundo ililia kwa uwazi, kisha ikalia nzito. Kimekaa.

Grisi haipakwi juu ya beringi, husindiliwa. Unaiweka kiganjani, unaikandamiza beringi humo hadi grisi itokeze kati ya roli, kuzunguka yote. Tuliweka beringi ya ndani, sili mpya, habu, kisha beringi ya nje. Tuliikaza nati huku tukizungusha habu ili kila kitu kikae, tukailegeza, tukaikaza tena kwa vidole hadi mchezo ukaisha. Ikibanwa kupita kiasi, beringi mpya itaungua kama ya zamani. Pini nayo tuliweka mpya. Tulimaliza adhana ya Magharibi ikiadhiniwa. Kesho yake niliendesha kidogo mjini, nikagusa habu, nikatikisa gurudumu. Alhamdulillahi, lilikuwa imara.

Siku ya kumi nilirudi Lushoto kumchukua mama mkwe. Aliketi mbele, mfuko wa matunda miguuni. Kabla ya kuwasha gari tulisoma dua ya safari, na safari hii niliisoma bila siri. Tukateremka kona za Soni, kushoto na kulia, na hakuna kilichosikika ila upepo na injini.

Karibu na Mombo aliniambia, "Leo limenyamaza."

"Tumelitibu, mama."

"Vizuri," akasema, akafumba macho, akalala hadi Korogwe.

Ndugu msomaji, unayewapakia wazazi na watoto, abiria wako ni amana. Gari lako likianza kuvuma, usingoje kona ikueleze.