Simu ya Bibi Harusi Ikizama Majini

Nikiulizwa kuhusu harusi huwa naulizwa hina, singo na shela. Simu haiulizwi, na siku hizi ndiyo inayobeba siri zote za mwali: picha za kesha la wanawake tukiwa vichwa wazi, ujumbe wa mchumba, na hela za michango.

Mwaka jana tulivuka kutoka Mafia kwenda kumwoza binamu yangu upande wa Kibiti. Mnaoijua njia ya Nyamisati mnajua kushuka chomboni kulivyo. Simu yake, aliyoinunua kwa sehemu ya mahari, ilimponyoka ikaingia kwenye maji ya chumvi. Mmoja akasema izikwe kwenye mchele. Wifi yake alishaitafutia chaja ya sola. Nikaikamata mimi.

Simu iliyolowa haichajiwi. Izime, ifute, itikise taratibu tundu la chaja likiangalia chini, kisha iache mahali penye hewa. Huo mchele tuupike pilau. Hata Apple wanakataza, kwa sababu chembe zake zinaweza kuingia ndani na kuharibu zaidi. Na maji ya chumvi hula chuma haraka, kwa hiyo fundi asicheleweshwe.

Ukiwa Msala, Maparoni au Kiongoroni, huko kwenye mikoko, fundi ni safari ya boti na kisha gari hadi Kibiti mjini. Kituo cha kampuni kiko mbali zaidi. Wenye Tecno, Infinix na itel, huduma yao inaitwa Carlcare; ulizeni hilo jina mkifika Dar es Salaam, na risiti na kadi ya waranti visitupwe pamoja na boksi. Ila msitegemee sana waranti kwa simu iliyoingia maji, mara nyingi haihusiki.

Basi tukafika kwa fundi. Kijana mpole tu, akasema, “Dada, niachie simu na nywila, njoo kesho.” Binamu yangu akataka kumwandikia. Somo wake akamshika mkono: “Mwanangu, humo ndani mna vichwa vya wenzio.” Akavuta benchi, akakaa pale mpaka adhana ya Alasiri, tasbihi mkononi. Fundi alicheka, lakini alifanya kazi mbele yetu.

Sikumwona fundi kuwa mbaya. Lakini picha ya mwenzio asiyejisitiri ni amana, na amana haiachwi kwenye droo ya mtu usiyemjua. Kubadilisha tundu la chaja au kioo hakuhitaji kufungua picha zako. Toa laini, maana humo ndimo hela zako zinamopita, na toa kadi ya kumbukumbu. Akitaka kujaribu simu, weka nywila wewe mwenyewe ukiwa umesimama. Baadhi ya Samsung zina hali ya matengenezo kwenye mipangilio: ukiiwasha, fundi anapima simu bila kuona picha wala ujumbe. Lakini iwashwe kabla simu haijafa, kwa hiyo itafuteni leo.

Na mkiwa humo kwenye mipangilio, tafuteni sehemu ya usalama na dharura. Jaza kundi lako la damu, dawa zinazokudhuru, na namba ya mama au mume. Mtu anaweza kuyasoma bila kufungua simu yako. Kwa sisi tunaosafiri na vyombo, na wenye mimba hasa, hilo si jambo dogo.

Mnaonunuliwa simu mpya, bonyezeni *#06# muone IMEI, kisha mtume namba hiyo kwenda 15090 kabla hela haijatoka. TCRA ilizima simu bandia mwezi Juni 2016 na watu walilia. *106# itakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika. Wale wa “ile hela tuma kwenye namba hii” wanaripotiwa 15040.

Simu ya binamu yangu ilipona, spika tu ndiyo inakoroma. IMEI yake ameiandika kwenye daftari la zawadi za harusi, chini ya mstari wa masufuria ya shangazi.