Tembo wa Kwenye Noti

Mtoto wa Vingunguti humfahamu ng'ombe kwa sababu ya machinjio, na humfahamu tembo kwa sababu ya noti ya shilingi 10,000. Jirani zangu waliobahatika kumwona tembo aliye hai walimwona kupitia dirisha la basi la Iringa au Mbeya, kwa kuwa barabara kuu hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi.

Nilipoingia Mikumi kama mtalii wa ndani, nilibaini kwamba kiingilio cha raia ni nafuu sana kuliko cha mgeni. Kilichonitoboa mfuko ni gari la kukodi, na bila gari hakuna utalii. Punguzo la langoni, basi, humnufaisha aliyekwisha kufika langoni.

Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere aliahidi katika Tamko la Arusha kuwa wanyamapori watatunzwa ili wajukuu wa watoto wetu nao waufaidi urithi huo. Wajukuu hao ndio hawa walioko madarasani Vingunguti leo. Wanyama tumewatunzia, usafiri wa kuwafikia hatujawapa. Sera ya utalii wa ndani ianzie kwenye basi la shule.